Rangi ya Bluu kwenye Bolti

Jumanne, 15 Machi 2005. Bungoma.

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na paa la karakana limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Mwaka jana niliapa kulitengeneza. Fridah, mke wangu, amenipa daftari hili na kuniambia nikikasirika niandike, niache kuwagombeza watu. Haya, naandika.

Mimi ni Kizito, na kazi yangu ni kusoma turbo kuukuu. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moshi wa injini unaizungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa ndani ya injini ili gari likimbie. Ukifunga isiyo saizi yake, au iliyochoka, umeiua injini. Kwa hiyo mtu akitaka kununua iliyotoka Japani, ananiita kwanza. Naiuliza maswali saba. Nikiridhika, naitia tone la rangi ya bluu kwenye bolti ya kifuniko. Kuanzia hapa mpaka Kitale wenye magari ya kukimbia wanaijua rangi hiyo. Najivunia, na sioni haya kulisema.

Jumamosi, 19 Machi.

Kibiwott amekuja kutoka Kitale. Ni mkulima wa mahindi, shamba lake liko barabara ya Endebess, na ana Subaru Impreza anayoipenda kuliko ng'ombe wake wote. Turbo yake imekatika shafti. Sasa anataka kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mwezi wa sita klabu yao ya magari ina mashindano ya kupanda mlima.

"Fundi, mimi sijui hizi vitu," aliniambia. "Wewe ukisema hii ni poa, mimi nafunga. Siulizi mtu mwingine."

Nilimwambia tutaitafuta kwa Abdirashid.

Jumanne, 22 Machi.

Mvua tangu asubuhi. Hakuna mteja.

Jumatano, 30 Machi.

Leo mtu wa Webuye ameniletea turbo aliyonunua bila kuniita. Kibati chake, kile kipande kidogo cha bati chenye namba ya aina, kilisema ni kubwa. Nikaweka kalipa, kile chuma cha kupimia upana, kwenye mdomo wa feni: ndogo. Nikahesabu panga za feni: hazikutosha. Nikasoma namba iliyochongwa kwenye chuma cha upande wa moshi, ambayo hakuna mtu anayeweza kuibandua: ndogo tena. Nikaishika shafti nikaivuta mbele na nyuma, ikacheza. Upande kwa upande ikicheza kidogo nasamehe, lakini mbele na nyuma sisamehe. Mtu wa Webuye akaniuliza, "Sasa nifanye nini?" Nikamwambia aifanye ya kuzuia mlango.

Nikakibandua kibati. Hiyo ni kawaida yangu. Turbo ikifia mikononi mwangu, nakibandua kibati chake, nakwaruza nyuma kwa msumari tarehe iliyokufa, nakitia kwenye mkebe wa majani ya chai ulio juu ya rafu. Nafanya hivyo ili mtu asije akakiokota na kukibandika kwenye turbo mbovu. Mkebe una miaka mingi na sijawahi kuumwaga.

Barasa alikuwa akinitazama. Barasa ni ndugu yake Fridah. Ana miaka arubaini na anafanya kazi kwenye meza ya pili karakanani. Mkono wake ni mwepesi, hasa wa kupiga riveti, zile pini zinazoshika kibati. Akizipiga huwezi kujua kama zilitoka kiwandani.

"Shemeji," akasema, "si siku moja uniachie mimi niweke hiyo rangi?"

Nikamwambia rangi si mapambo. Akacheka, akarudi kwenye meza yake. Ni mtu mtulivu, hana makuu. Laiti wote wangekuwa hivyo.

Jumatano, 6 Aprili. Kitale.

Baridi na ukungu mpaka saa nne. Kalipa nimeisahau nyumbani. Turbo ya Kibiwott imepatikana kwa Abdirashid: kibati ndicho chenyewe, shafti haichezi hata kidogo, na bolti tayari ina rangi yangu. Bila shaka niliipitisha mwaka jana nikasahau. Tumekunywa chai. Mke wa Abdirashid, Sabiha, ametupatia mahamri.

Alhamisi, 7 Aprili.

Jana niliandika kwa haraka, nikamtaja Abdirashid bila kusema ni nani. Duka lake liko karibu na msikiti wa Kitale, limejaa injini na gia hadi mlangoni. Tumejuana miaka kumi na miwili. Katika biashara hii kuna sheria isiyoandikwa: ukifungua, umenunua. Turbo ikiwa dukani unaisoma kwa nje tu. Ukigusa bolti ya kifuniko kwa spana, ni yako, hata ukute panya ndani. Abdirashid peke yake ndiye aliyewahi kuniambia, "Fungua, ndugu yangu, ukitilia shaka." Nami sijawahi kufungua, kwa sababu sijawahi kumtilia shaka.

Jumamosi, 9 Aprili.

Tumeifunga turbo kwenye gari la Kibiwott. Barasa hakuja kazini. Alisema ana safari ya Kimilili.

Jumapili, 17 Aprili.

Mvua. Kanisani paa pia linavuja, jambo lililonifariji kidogo.

Jumamosi, 23 Aprili.

Simu imekuja saa tano. Kibiwott alikuwa akilijaribu gari kwenye barabara ya Endebess, akiwa na mwendo mkubwa. Feni ilivunjika ndani ya turbo, vipande vikaingia kwenye injini, injini ikakwama palepale na gari likaenda mtaroni. Mguu wake wa kushoto umevunjika mahali pawili na nyonga imeachana. Yu hospitalini. Mahindi yake hayajamaliza kupandwa.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 25 Aprili.

Jana nilikwenda kumtazama Kibiwott. Alilala macho yakiwa kwenye dari. Hakunilaumu. Alisema tu, "Fundi, si ulisema ni poa?" Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua kama mtu asiye na kwao.

Leo asubuhi niliing'oa ile turbo garini, nikaifungua. Ndani nikakuta grisi imeshindiliwa kwenye beringi. Turbo haipakwi grisi, inaoshwa na oili ya injini. Anayeweka grisi ni mwizi, anataka shafti iliyolegea ionekane imekaza, na kwenye baridi grisi hukaza zaidi. Ndiyo maana haikucheza asubuhi ile ya ukungu. Hata feni haikuwa ya saizi iliyoandikwa kwenye kibati. Ilikuwa turbo ndogo ya gari la nyumbani, imekwisha kabisa, imevishwa jina la kubwa.

Niliibeba kwenye gunia hadi Kitale. Nje ya duka la Abdirashid palikuwa na mafundi na madereva kama kumi na watano, wamejikinga mvua. Nikaiweka turbo juu ya meza yake mbele ya wote.

"Umemuuzia mtu maiti," nikamwambia.

Akainuka. "Kizito, ndugu yangu, karibu ndani kwanza tuongee."

"Tutaongea hapa hapa. Kibiwott amelala hospitali. Hii grisi aliweka nani?"

Aliitazama ile grisi, akaipaka kwenye kidole, na uso wake ukabadilika. "Wallahi mimi sikujua. Nilinunua kutoka kwa mtu wa Kimilili. Nilichukua kwa sababu ya..." Akanyoosha kidole kwenye bolti. "Lakini Kizito, hii rangi yako..."

"Rangi inauzwa kila duka!" nikapiga kelele. "Mimi niliiuliza hiyo turbo maswali yote saba. Iliyoko hapa si ile niliyoona. Umebadilisha baada ya mimi kuondoka."

 Mmoja akasema, "Ati Abdi? Hata wewe bana?"  Abdirashid aliingia dukani, akatoka na pesa zote za Kibiwott, akanikabidhi mkononi bila neno. Kisha akaichukua ile turbo, akaingia nayo ndani.

Asingekuwa na hatia angebishana. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima.

Jumanne, 26 Aprili.

Mvua. Paa.

Jumapili, 8 Mei.

Barasa anafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Kila siku anafika kabla yangu na kunichemshia chai. Nilipomsimulia habari ya Abdirashid alitikisa kichwa, akasema, "Hawa watu wa duka, shemeji, ni wa kuchunga." Nimefurahi kwamba angalau nyumbani kwangu kuna mtu wa kutegemea.

Ijumaa, 20 Mei. Kitale.

Nimepita kwa Kibiwott. Hatatembea bila mkongojo, daktari amemwambia. Mahindi ya jirani yamefika magotini. Shamba lake nusu ni magugu.

Njiani nimepita mbele ya duka la Abdirashid. Mlango uko wazi, hakuna mtu ndani ila yeye. Mafundi wamehamia duka la upande wa pili wa barabara. Mmoja wao alinipigia saluti: "Fundi ulitusaidia sana, tungeuziwa maiti sote." Nilitabasamu. Leo hii, nikiandika, tabasamu lile linanikera, na sijui kwa nini.

Alhamisi, 2 Juni.

Nilikuwa Kitale tena. Tumekutana ana kwa ana, mimi na Abdirashid, kwenye kona ya msikiti. Amekonda. Alisema, "Habari ya nyumbani, Kizito?" Nikapita kama sikumsikia. Fridah nilipomwambia aliacha kukatakata mboga.

"Baba Nelima," akasema, "huyo mtu alikaa na sisi siku tatu mama yako alipokufa. Hata salamu?"

"Wewe hujui turbo," nikamjibu.

"Mimi sijui turbo. Najua Abdirashid."

Jumanne, 14 Juni.

Mvua kubwa, sikutoka. Nimekaa nikalisoma daftari hili tangu mwanzo, na nimefika tarehe sita Aprili. Nimeisoma mara tatu. Kalipa nimeisahau nyumbani. Ni mwandiko wangu.

Sikupima mdomo. Sikuhesabu panga. Sikusoma namba ya kwenye chuma. Nilikisoma kibati, nikaitikisa shafti kwenye baridi, nikaiona rangi yangu, nikanywa chai. Maswali mawili. Halafu nikasimama mbele ya watu kumi na watano nikasema saba, na wakati nasema niliamini.

Nilisema pia kwamba Abdirashid aliibadilisha. Kama turbo iliyovunjika ndiyo ile ile niliyoiona dukani, basi hakubadilisha kitu. Nilimzulia.

Lakini bado ni yeye aliyeiuza. Hilo nalishikilia. Rangi ya bluu, hiyo sijui ilifikaje pale.

Jumatano, 22 Juni.

Silali vizuri. Chakula hakina ladha. Barasa ameniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 27 Juni. Kitale.

Nilikwenda kumwomba radhi kwa lile la kuzua. Hilo moja tu. Mengine nilitaka anieleze. Nimelikuta duka limefungwa na mabuti ya mpira yanauzwa nje yake. Muuza mabuti akaniambia Abdirashid amehama, wiki mbili sasa. Nikaenda nyumbani kwake nyuma ya msikiti.

Sabiha alinifungulia. Ndani mizigo ilikuwa imefungwa kwa kamba. Hakuniambia kaa.

"Mama Aaliyah," nikasema, "Abdirashid yuko wapi?"

"Ameenda Isiolo kwa mjomba wake. Anauza sukari na mchele. Mimi na watoto tunafuata wiki hii."

"Nilitaka kuongea na yeye."

"Sasa ndio unataka?"  Kisha akaingia chumbani, akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. "Alisema ukija nikupe hii. Akasema usipokuja nitupe."

Ndani ya kitambaa palikuwa na kibati cha ile turbo. Nilikitambua upande wa mbele. Nikakigeuza. Nyuma yake, kwa msumari, palikwaruzwa: 3/9/2001. Tatu yangu, moja yangu, hata vile ninavyoikata sifuri kwa mstari, vyote ninavijua. Na ile tisa yenye mkia uliopinda ni yangu. Kibati hiki kilitoka kwenye mkebe wangu.

Nikaketi juu ya mzigo bila kuruhusiwa.

"Alikibandua jioni ile ile uliyomtukana," Sabiha alisema. "Yeye anajua mwandiko wako, umemwandikia risiti miaka kumi na miwili. Alikaa nacho mkononi mpaka chai ikapoa. Mimi nikamwambia, beba hiyo kitu uende nje uonyeshe watu. Akakataa."

"Kwa nini akakataa?"

"Akasema, Kizito ana watoto, na hiyo rangi ndiyo shamba lake. Nikionyesha hii, hakuna mtu atamwita tena."

"Lakini alidhani..."

"Alidhani ni wewe," akasema Sabiha. "Mpaka leo anadhani ni wewe. Kibati chako, rangi yako. Angedhani nini?"

Nilimwambia si mimi. Nilimwapia kwa jina la Mungu. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kifuani, kisha akasema, "Sawa. Sasa umejua vile inauma mtu akisema si yeye na hakuna mwenye anaamini."

Nilirudi Bungoma na kibati mfukoni. Sikumbuki njia.

Jumanne, 28 Juni.

Niliuteremsha mkebe kabla Barasa hajafika. Nilivimwaga vibati mezani. Vilipaswa kuwa vingi hadi mdomoni mwa mkebe; chini palikuwa na matambara ya kuujaza, na juu yake vibati tisa tu.

Barasa akaingia na birika la chai. Akaona meza. Akaliweka birika chini polepole.

"Viko wapi vingine?" nikamuuliza.

Hakukana. Hilo ndilo lililonishangaza. "Vimeenda Kimilili," akasema.

"Vyote kwa turbo mbovu? Na grisi? Na rangi yangu juu?"

"Ndio."

"Kwa nini, Barasa? Ulikosa nini hapa?"

Akavuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza bila kuniomba. "Miaka tisa niko hii meza, shemeji. Najua hizo maswali zako saba kuliko wewe. Lakini mimi nikisema turbo ni nzuri, watu wanasema, ngoja mwenyewe arudi. Wewe unatia tu katone ka rangi, wanafurahi kama wamebarikiwa. Nikataka kuona, kama ni rangi tu watu wanaamini, wataamini mpaka wapi. Si hata wewe uliamini? Uliona rangi hukupima."

Nilikuwa na spana mkononi. Nashukuru sikuitumia. Nilimwambia aondoke, akaondoka, akiacha chai ikifuka mvuke. Fridah amelia tangu mchana. Ni ndugu yake, na mimi ni mumewe, na hajui alie kwa ajili ya nani.

Jambo linalonichoma ni kwamba Barasa hakusema uongo. Abdirashid aliinunua kwa sababu ya rangi yangu. Mimi niliipitisha kwa sababu ya rangi yangu na rafu ya Abdirashid. Kibiwott aliifunga kwa sababu yangu. Watu watatu, na hakuna aliyepima.

Jumamosi, 2 Julai. Kitale.

Nimesimama nje ya lile duka la mabuti, mbele ya mafundi walewale. Nimewaonyesha kibati, mbele na nyuma. Nimewaambia ni mwandiko wangu, kilitoka karakanani kwangu, ni shemeji yangu aliyekibandika, na Abdirashid hakubadilisha kitu. Nimewaambia sikupima. 

Nilidhani wangepiga kelele. Mmoja alisema, "Ah, hiyo maneno ilipita, fundi." Mwingine akauliza kama kuna turbo zingine zenye rangi yangu wafungue waangalie. Nikamjibu zifungueni zote. Wakatawanyika. Uongo wangu ulimaliza duka la mtu kwa siku moja, na ukweli wangu haukumaliza hata dakika kumi.

Kutoka hapo nikaenda kwa Kibiwott nikamweleza yote. Alikuwa ameketi mlangoni, mkongojo mapajani. Aliniambia nisije tena mpaka aniite.

Jumanne, 5 Julai. Bungoma.

Sabiha, kabla hajaondoka, amenitumia namba ya Isiolo. Nimepiga saa kumi jioni. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi la kumwambia, nikalisoma lote kama mtoto wa shule: Barasa, mkebe, grisi, nilivyosimama mbele ya watu. Nikamwambia nimekukosea, ndugu yangu, nisamehe.

 Nyuma yake nilisikia mtu akiuliza bei ya mchele.

"Mguu wa Kibiwott unaendeleaje?" akauliza.

Nikamwambia.

"Pole yake. Mimi nimekusamehe, Kizito. Nilikusamehe hata nikidhani ni wewe." Alikohoa. "Lakini nikuulize. Hiyo turbo, hiyo chuma, wewe unaiuliza maswali saba kabla useme ni mbaya. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mimi hukuniuliza hata moja."

 Akasema ana mteja, akaniaga kwa heshima kama anavyomuaga mtu yeyote, akakata.

Ijumaa, 15 Julai.

Mvua imepungua. Nimepanda juu ya paa nikaziba pale panapovuja, peke yangu. Mtu wa Webuye amekuja na turbo nyingine, safari hii kabla ya kuinunua. Nimeipima, nimehesabu panga, nimesoma namba, nimemwandikia kila kipimo kwenye karatasi. Ilikuwa nzima. Akangoja niitie rangi. Nikamwambia mkebe wa rangi nimeumwaga, achukue karatasi akapimishe na kwa mtu mwingine.

Akaniuliza, "Mtu gani mwingine, fundi?"

Nilitaka kumwambia Abdirashid wa Kitale.